Chuma cha sombe kinaishia wapi?

Mama mjamzito akitoka CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hapa Bukavu akiwa ameambiwa damu imepungua, mashauri yanamfikia kabla hajafika nyumbani. Jirani atamwambia ale sombe, yaani majani ya muhogo, kwa wingi. Mwingine atamtajia mboga ya lengalenga na maharagi. Wa tatu atamwagiza kinywaji chochote chenye rangi nyekundu, au nyanya ya kopo iliyokorogwa na maziwa. Wote wanamtakia mema, na baadhi ya vyakula hivyo kweli vina madini ya chuma. Hata hivyo mama huyo anaweza kula sombe mwezi mzima, akarudi kupimwa na kukuta namba iko palepale. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na chakula, wakaenda kununua vidonge bila kumwona munganga wa hospitali.

Je, chuma cha sombe kiliishia wapi? Kwa sehemu kubwa kilitoka na choo. Chuma kilichomo kwenye sahani hakina uhakika wa kuingia kwenye damu, kwa sababu mwili umekiwekea mlango, na mlango huo una mlinzi mkali. Anayeelewa jinsi mlinzi huyo anavyofanya kazi ataelewa pia kwa nini chai ya baada ya chakula ina madhara, kwa nini sambaza wachache, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanabadilisha sufuria nzima ya majani, na kwa nini vidonge vya chuma huokoa mtu mmoja na kumdhuru mwingine.

Kwanza, kazi yenyewe. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake. Karibu theluthi mbili zimo ndani ya himoglobini, protini inayozipa seli nyekundu za damu rangi yake. Molekuli moja ya himoglobini ina atomi 4 za chuma, na kila atomi hushika molekuli moja ya oksijeni kwenye mapafu, ikaenda kuiachia kwenye misuli, kwenye ubongo, kwenye moyo, au kwa mtoto aliye tumboni. Kwamba damu ina chuma kulijulikana zamani: katika miaka ya 1740 Mwitaliano Vincenzo Menghini alikausha damu, akaichoma, akaona sumaku ikivuta chembe za majivu yaliyobaki. Umbo la himoglobini lenyewe lilisubiri hadi karne ya 20, kazi iliyompa Max Perutz Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1962, pamoja na John Kendrew.

Chuma kingine kimo kwenye misuli na kwenye vimeng'enya vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na kilichobaki huwekwa akiba, hasa kwenye ini. Akiba hiyo ndiyo huisha kwanza. Himoglobini hushuka baadaye kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amechoka, anapumua kwa shida akipanda ngazi za mtaa wa Kadutu, kucha zinakatika, na bado kipimo cha damu kikasema yuko sawa. Hamu ya kula udongo nayo ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Wanawake wengi wajawazito huionea haya, na haistahili aibu: mara nyingi inafuatana na ukosefu wa chuma. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya udongo hukamata chuma cha chakula tumboni, ukosefu ukazidi.

Mlango na mlinzi wake

Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Zikizeeka, bandama na ini huzivunja na kurudisha chuma chake kwenye uboho wa mifupa, ambako seli mpya hutengenezwa. Kwa njia hiyo mwili hujirudishia miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Kinachopotea ni miligramu 1 au 2 tu, pamoja na seli za ngozi na za utumbo zinazodondoka. Mwanamke mwenye hedhi hupoteza zaidi, na anayetoka damu nyingi kila mwezi hupoteza zaidi sana: mililita 1 ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma.

Jambo la ajabu, ambalo Waingereza Robert McCance na Elsie Widdowson walilionyesha mwaka 1937, ni kwamba mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chumvi ikizidi, figo huitoa. Chuma kikizidi, kinabaki ndani. Na chuma kinachozagaa bila kushikwa na protini ni sumu, huharibu seli za ini na za moyo. Kwa kuwa hakuna pa kukitolea, mwili umeamua kukidhibiti pale kinapoingilia, yaani mwanzoni mwa utumbo mwembamba.

Mlinzi wa hapo ni homoni inayotengenezwa na ini, inaitwa hepsidini, na imejulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Hepsidini ikiwa juu, seli za utumbo hukizuia chuma zilichokimeza kisipite kwenda kwenye damu. Seli hizo huishi siku chache, zikidondoka zinaondoka nacho chooni. Hepsidini ikishuka, chuma kinapita.

Inashuka akiba ikipungua, au mtu akiwa ametoka damu, au mimba ikiendelea kukua. Inapanda akiba ikijaa. Inapanda pia mtu akiwa na malaria, kifua kikuu, nimonia au uvimbe wowote wa muda mrefu. Wadudu wengi wa magonjwa wanahitaji chuma ili wazaane, kwa hiyo mwili ukiona uvamizi hukificha. Kinga hiyo ina gharama: mtoto anayeugua kila baada ya wiki mbili anakula maharagi yake vizuri na chuma hakiingii, kwa kuwa mlango umefungwa kutoka ndani. Kwa mtoto kama huyo, chandarua chenye dawa na maji safi ni sehemu ya matibabu ya damu kama chakula kilivyo.

Kwenye sahani

Chuma cha chakula kiko namna mbili. Kipo cha nyama, samaki na damu, ambacho tayari kimefungwa ndani ya umbo linalofanana na la himoglobini. Hicho hupita kirahisi, kati ya asilimia 15 na 35 huingia. Kipo kingine cha mimea: majani, kunde, nafaka. Hicho huingia kwa asilimia 2 hadi 20, na pengo hilo kubwa linatokana na mambo mawili, yaani hali ya mlinzi tuliyemtaja na vitu vinavyoliwa pamoja nacho.

Tuitazame sufuria ya sombe. Majani ya muhogo yametwangwa, yamechemshwa saa nzima au zaidi, yametiwa mawese, kitunguu, pengine bilinganya. Chuma kimo, tena si haba. Lakini majani hayo yana polifenoli, na maharagi na nafaka zina fiteti. Kemikali hizi hukumbatia chuma tumboni kikawa kitu kisichoyeyuka. Vitamini C ingeweza kukiokoa, ila haistahimili moto mrefu, na sombe haiwezi kupikwa haraka: kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoondoa sumu ya sianidi iliyomo kwenye majani mabichi. Asifupishe mtu upishi wa sombe kwa ajili ya vitamini.

Dawa yake ni kuongeza kitu. Sambaza wakitiwa kwenye sombe, wanaleta chuma chao kinachopita kirahisi, na zaidi ya hapo nyama ya samaki husaidia chuma cha majani yaleyale kufyonzwa vizuri zaidi. Huu ndio ukweli ambao ningependa kila jiko la Bukavu liujue. Mtu asiye na uwezo wa kununua nyama hahitaji kilo: samaki wadogo wanaojaza kiganja, waliokaushwa au wabichi, wakigawanywa kwenye sufuria nzima, wanainua thamani ya kila kijiko. Na huliwa wazima, pamoja na kichwa. Samaki hawa hawakuwamo Ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo mama wa kawaida hana samaki mwingine wa karibu kama huyu.

Kitu cha pili ni tunda au mboga mbichi pembeni ya sahani. Pera, chungwa, marakuja, nyanya mbichi, ndimu iliyokamuliwa chakula kikishaiva. Vitamini C ya tunda moja inaweza kuongeza mara mbili au zaidi kiasi cha chuma cha maharagi kinachoingia, mradi viliwe mlo uleule. Tunda la saa kumi halikisaidii chakula cha saa saba.

Na chai. Tunaishi katika nchi ya majani ya chai, mashamba yako hapa Kabare, na kikombe cha moto baada ya maharagi ni raha ambayo sina haja ya kuilaani. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula, tanini zake zinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo inazuia, na maziwa mengi pia kwa sababu ya kalsiamu. Ukiacha saa moja ipite kati ya chakula na chai, madhara hayo yanapungua sana. Kwa mjamzito na mtoto, hiyo saa moja ni muhimu. Mtoto mdogo hana sababu yoyote ya kupewa chai.

Maharagi yanastahili maneno mengi zaidi kuliko wanavyoyapa watu, kwa kuwa ndiyo yanayolisha Kivu. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji hupunguza fiteti, na kuni pia zinapungua. Kuna pia maharagi yaliyozalishwa makusudi yawe na chuma kingi, kwa kuchagua na kuchanganya mbegu za kawaida. Kwa upande wetu kazi hiyo imefanyika kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA cha Mulungu, Kabare, pamoja na HarvestPlus, mpango wa kimataifa wa mazao yenye virutubisho zaidi. Je, yanafaa kweli? Huye, nchini Rwanda, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na akiba ndogo ya chuma walilishwa maharagi kwa siku 128. Wengine walipewa ya kawaida, yenye miligramu 50 hivi za chuma kwa kilo, wengine yale mapya yenye miligramu 86. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliokula mapya walipanda zaidi himoglobini na akiba pia. Mkulima wa Walungu akipata mbegu hizo hahitaji kubadilisha chochote kwenye upishi wake.

Bugali la muhogo, kwa upande mwingine, linashibisha na halina chuma cha maana. Vinywaji vyekundu havina lolote la kuongeza zaidi ya sukari. Rangi ya kitu haisemi chochote juu ya chuma kilichomo: maharagi meupe yanacho, soda nyekundu haina.

Namba kwenye karatasi ya laboratuari

Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya katikati ya mimba) ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito chini ya gramu 12. Viwango hivyo ni vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa yetu iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ina oksijeni pungufu, kwa hiyo mwili hutengeneza himoglobini zaidi ili ufidie, na mpimaji anapaswa kutoa kati ya nusu gramu na gramu moja hivi kabla ya kulinganisha. Mjamzito wa Bukavu mwenye gramu 11.2 anaweza kuambiwa yuko sawa, kumbe Matadi au Mombasa hali yake hiyohiyo ingesomeka chini ya 11. Mjamzito akimuuliza muuguzi kama mwinuko umehesabiwa, hajamkosea heshima.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba damu ikipungua basi chuma ndicho kilichopungua. Malaria huvunja seli nyekundu moja kwa moja. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Seli mundu, ambayo familia nyingi za Kongo zinaijua kwa uchungu, hufanya seli zife mapema mno. Ukosefu wa folati au vitamini B12 nao hupunguza damu. Mwanamume mzima mwenye ukosefu wa chuma hapaswi kupewa vidonge akaachwa hivyo. Atafutwe anapotokea damu, pengine ni kidonda cha tumbo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mama na watoto wao, jozi 744, Kivu Kusini na Kongo-Central. Akiba ya chuma hupimwa kwa protini iitwayo feritini, na watafiti walisahihisha namba zake kwa sababu feritini hupanda mtu akiwa na uvimbe au uambukizo, hata kama akiba ni tupu. Kwa kipimo hicho, wanawake wa Kivu Kusini waliokosa chuma walikuwa asilimia 4. Kwa kipimo kingine cha chuma walikuwa asilimia 18. Wanawake walewale, damu ileile. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini wataalamu wenyewe hawasemi kwa sauti moja, na kwa nini sikubaliani na anayewagawia vidonge watu wote wa mtaa bila kupima.

Kidonge kinapodhuru, kidonge kinapookoa

Kisiwani Pemba, Zanzibar, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006. Malaria ilikuwa nyingi kisiwani wakati huo. Waliopewa walikuwa na hatari ya kulazwa hospitalini au kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12, na jaribio la chuma likasimamishwa. Tangu hapo, mashauri ya kimataifa yanataka chuma cha watoto katika maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Tahadhari hiyohiyo ipo kwenye bwaki: mtoto aliyevimba kwa utapiamlo mkali hapewi dawa ya chuma siku za mwanzo. Protini zinazobeba chuma kwenye damu yake zimepungua, uambukizo unaweza kuwa umejificha, kwa hiyo wauguzi husubiri hadi hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda. Mzazi asiwadhanie uzembe. Na mwenye seli mundu aliyetiwa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi, kwa kuwa kila chupa ya damu huja na miligramu 200 hadi 250 ambazo mwili hauwezi kuzitoa.

Mjamzito ni habari nyingine. Mimba nzima inahitaji karibu gramu 1 ya chuma, kwa ajili ya mtoto, kondo, na damu ya mama inayoongezeka. Hakuna sahani ya Bukavu inayoweza kujaza pengo hilo peke yake, kwa hiyo anapewa kidonge cha kila siku chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kinamezwa na maji au juisi ya chungwa, mbali na chai. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma kilichobaki, wala si damu. Wengi huacha vidonge kwa kichefuchefu au kufunga choo na kumficha muuguzi, wakati muuguzi huyo angeweza kuwapa namna ya kupunguza tabu, kama kuvimeza na chakula kidogo au jioni. Kwa wanawake wasio wajawazito wenye ukosefu mdogo, majaribio ya Uswisi yameonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka siku ya pili hufanya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge iingie, maana kidonge chenyewe huinua hepsidini kwa siku nzima. Hilo liamuliwe na anayekutibu. Na vidonge vikae juu, mahali mtoto asipofika: vichache tu vikimezwa na mtoto mdogo vinaweza kumuua.

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba ya kumfikisha miezi 6 hivi. Mkunga akisubiri angalau dakika moja, hadi tatu, kabla ya kubana kitovu, damu ya kondo huendelea kumwingia na akiba inaongezeka bila gharama yoyote. Maziwa ya mama yana chuma kidogo kinachofyonzwa vizuri, yanatosha kipindi hicho, na yaendelee baadaye. Kuanzia miezi 6, ubongo unakua kwa kasi na akiba imeisha. Mtoto wa umri huo anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, baba yake miligramu 8. Ukosefu wa wakati huu unaweza kuacha alama kwenye kujifunza kwake hata damu ikirekebishwa baadaye.

Na wakati huohuo ndipo watoto wengi hupewa uji mtupu wa muhogo au mahindi. Sambaza waliokaushwa vizuri wasagwe, wapitishwe kwenye chujio ili miiba isibaki, kijiko kimoja kitiwe kwenye bakuli la uji wakati wa kupika. Maharagi yaliyolowekwa yapondwe laini, na tone la ndimu au kipande cha pera kilichopondwa kifuate. Kuku akichinjwa nyumbani, ini lake huishia mara nyingi kwenye sahani ya mkubwa wa familia. Lipondwe, apewe mtoto.